Simu Mkononi mwa Mtoto: Maneno Yetu kwa Wazazi wa Rukoki na Bwera

Tumeombwa tuzungumzie malezi ya watoto katika zama hizi za simu, za michezo ya mitandaoni, na za vijana wanaopaza sauti juu ya mambo ya nchi. Bila shaka wengi wenu mlitarajia polisi waje kuwaagiza mwanyang'anye watoto simu. Hatukuja kwa hilo. Katika kazi ya mpakani, mtoto anayetutia hofu si yule mwenye simu, bali ni yule asiyethubutu kumwonyesha mzazi wake kilichoingia katika simu hiyo.

Tukumbuke kwanza jinsi chombo hiki kilivyoingia majumbani. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Kwa karibu miaka miwili watoto walifundishwa na redio, na magazeti, na simu ya baba pale ilipokuwapo. Simu ikawa darasa. Shule zilipofunguliwa, madarasa yalirudi mahali pake, lakini simu haikurudi mfukoni mwa baba. Na kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nayo shuleni, mwalimu hapati nafasi ya kumwona mtoto akiitumia. Anaitumia likizoni, usiku, au kwa rafiki mwenye simu nzuri zaidi. Kazi ya kumfundisha adabu ya chombo hiki imeangukia nyumbani, nasi tunajua kwamba nyumba nyingi hazikuandaliwa kwa kazi hiyo.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake wa peke yake. Mpondwe ni mlango. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu, wanaoana, wanazikana, wanauziana samaki na kahawa. Kijana wa Bwera anaweza kuwa na laini ya simu ya Uganda na nyingine ya Kongo. Ujumbe unaomfikia haumjii kwa lugha ya kigeni, unamjia kwa lugha ya mama yake, na mwandishi anajiita mjomba.

Waasi wa ADF, ambao historia yao ilianza katika milima hii ya Rwenzori, wamewawinda wanafunzi tangu zamani. Tarehe 8 Juni 1998 walikiingilia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba huko Kabarole, wakawachoma moto vijana 80 na kuwateka wengine wengi. Tarehe 16 Juni 2023, usiku, wakaishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, hapa hapa Mpondwe, na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Wapo kati yenu mliozika. Hatutasema zaidi ya hapo.

Lakini si kila mtoto huchukuliwa kwa bunduki. Wapo waliovuka mpaka kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu waliahidiwa kazi au masomo ya bure. Njia ya mlaghai ni moja, awe anatafuta askari, mfanyakazi wa bure, au msichana wa kumharibu. Huanza kwa urafiki, pengine katika kundi la mashabiki wa mpira au ndani ya mchezo wa simu ambamo wageni huzungumza wakicheza. Hutuma vocha kidogo. Husifu. Kisha huomba jambo moja: usimwambie mtu. Mwisho hutuma nauli.

Tutazame pale anapoomba siri. Tumchukue msichana wa miaka 15 aliyemtumia rafiki wa namna hiyo picha asiyopaswa kuituma. Sasa anatishwa: njoo, au picha itasambazwa kijijini. Nyumbani alikwisha kuambiwa kwamba siku atakapokutwa na upuuzi katika simu, simu itavunjwa na yeye atachapwa. Basi ana watu wawili wa kuwaogopa, na mlaghai anazungumza kwa upole zaidi kuliko baba. Ataelekea wapi? Tunaujua uchungu wa mzazi, wala hatumlaumu anayekasirika. Tunachosema ni kwamba fimbo iliyoahidiwa mapema humfanyia kazi mlaghai, kwa kuwa yeye anachohitaji ni mtoto aliyenyamaza.

Kwa hiyo tunawaomba mtoe ahadi nyingine, tena muitoe leo, kabla ya tatizo. Mwambie mtoto: ukipokea ujumbe wa kukutisha, au wa mtu anayekutaka ufiche jambo, nionyeshe, siku hiyo sitakupiga wala sitachukua simu. Kisha mzazi aitimize, hata kama atakachoonyeshwa kitampandisha damu kichwani. Mkiivunja mara moja, hamtaonyeshwa tena. Akina mama wasiosoma wasijione wanyonge hapa, kwani haihitajiwi elimu ya mitambo kumuuliza mtoto, "Huyu ni nani, na mmejuana wapi?"

Kuhusu michezo, tutofautishe kucheza na kucheza kamari. Mtoto anayecheza mpira wa simu na wenzake kwa saa moja baada ya kuchota maji hajapotea. Mipaka ya saa inatosha, na simu ilale chumbani kwa wazazi. Lakini mashine za kutumbukiza sarafu katika vituo vya biashara, na kubeti mechi, ni jambo jingine. Sheria ya michezo ya bahati nasibu ya mwaka 2016 inamkataza kubeti mtu yeyote aliye chini ya miaka 25. Miaka 25, si 18. Anayempokea mtoto na chenji ya sukari mkononi anavunja sheria, nasi tunataka kuambiwa mashine iko wapi. (Na wako akina baba wanaomtuma mtoto kuwapelekea tiketi ya kubeti. Hao wanajijua.)

Sasa tuingie katika lile ambalo wengi hawakutarajia tulitaje. Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani kupinga muswada wa fedha, na mwito wao ulisafiri kwa simu. Julai mwaka ule vijana wa Kampala walijaribu kuandamana kuelekea Bunge kupinga rushwa, na wengi walikamatwa. Watoto wenu waliyaona yote hayo wakiwa hapa Rukoki. Wanauliza. Mzazi akijibu "nyamaza, utatuletea balaa," mtoto hatanyamaza. Atatafuta mtu mwingine wa kumjibu.

Tarehe 16 Juni, ambayo kwetu ni ya msiba, Afrika huiadhimisha kwa ajili ya wanafunzi wa Soweto, walioandamana mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana na wakapigwa risasi na polisi. Tunalisema hili tukiwa polisi. Katiba ya Uganda, katika kifungu cha 29, inampa raia haki ya kusema na kukusanyika kwa amani. Kijana wa Kasese anayeuliza kwa nini mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020 ukaibomoa hospitali ya Kilembe, anauliza swali la mtu mzima. Vanessa Nakate alianza kwa kusimama na bango barabarani Kampala mwaka 2019, akiuliza juu ya hali ya hewa, na leo anasikilizwa duniani. Mfundisheni mtoto kumchunguza aliyeandika mwito kabla ya kuusambaza: je, anajulikana, naye atakuwapo siku hiyo, au anawatuma watoto wa wenzake? Huku mpakani, uvumi wa shambulio uliosambazwa na mtoto kwa mzaha unaweza kukimbiza kijiji kizima usiku.

Na mtoto akikamatwa, zijueni haki zake. Aliye chini ya miaka 18 hachanganywi na watu wazima mahabusu, na mzazi hujulishwa mapema iwezekanavyo. Mkiona hayo hayafanyiki, mwulizeni mkuu wa kituo.

Tumalizie kwa utaratibu. Mkionyeshwa ujumbe wa vitisho au wa ahadi za kazi ng'ambo ya mpaka, msiufute, wala msimjibu mtu huyo kwa matusi, maana atakimbia na laini ataitupa. Msimtume mtoto kukutana naye ili kumnasa. Hiyo ni kazi yetu. Andikeni nambari yake na siku alipoanza kuandika, mje na simu ilivyo kwenye dawati la ulinzi wa mtoto na familia katika kituo cha polisi. Anayeona haya kuja kwetu aanze kwa mwenyekiti wa LC 1 au mwalimu, au apige 116, nambari ya bure ya watoto. Mtoto aje pamoja na mzazi. Tutamsikiliza mzazi akiwa amekaa kando yake.