Tairi Kubwa Bila Kuinua Gari

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Barua niliyoletewa iliniomba nizungumzie kazi yangu. Kazi yangu mnaijua: ni ufundi wa magari. Sina makubwa ya kuwaeleza kama wenzangu walio madaktari na mahakimu. Lakini jana jioni ndugu yetu mmoja, ambaye gari lake limesimama pale chini ya mwarobaini, alinishika mkono akaniuliza: "Fundi, njia ya kwetu ni mbaya. Nataka kufunga tairi kubwa zaidi, lakini sina fedha za kuinua gari kwa springi mpya. Yafaa?" Nikamwambia angoje hadi leo, kwa kuwa jibu lake ni refu, na lina kisa ambacho sijapata kukisimulia mbele ya watu.

Jibu fupi ni kwamba yafaa, kwa kiasi. Tena wazo lenyewe si baya. Watu wengi hudhani kuwa ukiweka springi ndefu umeliinua gari zima. Sivyo. Katika magari yenye ekseli nzima, springi huinua chasisi na bodi tu. Ekseli pamoja na difu yake hubaki pale pale ilipokuwa. Na mara nyingi ni difu ndiyo inayogonga jiwe, au kulalia tuta lililo katikati ya njia. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Basi anayetaka tairi kubwa bila kuinua gari hakosei kufikiri. Hukosea asipopima.

Mimi sikupima. Wakati wa masika ya mwaka 1986 nilikuwa fundi kijana katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Tulikuwa na gari fupi la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, lililovaa tairi za 6.00-16. Lilikwama kila wiki. Stoo kulikuwa na tairi za 7.50-16 pamoja na rimu zake, za gari refu lililokwisha kufa. Nikazifunga asubuhi moja. Gari likasimama vizuri kama askari wa gwaride, nami nikalizunguka mara mbili nikijisifu. Dereva wetu, mzee mmoja mpole, akalichukua.

Siku ya tatu alikuwa akishuka mlima. Nyuma alimpakia mama mmoja na mtoto wake mgonjwa, wakienda hospitali. Kwenye kona kali alikanyaga breki, na pedali ikazama hadi chini. Mzee akaingiza gia ndogo, akaona haitoshi, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlimani, kwa maana upande wa pili palikuwa na bonde. Mama na mtoto walitoka na michubuko. Mzee alivunjika mkono wa kulia, na mkono ule haukunyooka tena maisha yake yote.

Nilipolala chini ya gari niliona mara moja. Kila mzee alipokata kona kali, ukingo wa ndani wa tairi ulikuwa ukisugua mpira wa breki, ule unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye gurudumu la mbele. Kwa siku tatu ulisuguliwa mpaka ukapasuka. Gari lile lilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka, breki zote zimekwisha. Nilikwenda kumtazama mzee wodini. Aliniuliza neno moja tu: "Fundi, ulizungusha usukani mpaka mwisho?" Nikasema, "Hapana, mzee." Hakuniuliza tena.

Ndugu zangu, gari lililosimama uani ni kama mwanafunzi aliyesimama mbele ya Mwalimu Mkuu: limetulia, halimgusi mtu. Tabia yake utaijua likiwa njiani. Kwa hiyo nitaeleza namna ya kupima, na wadogo zetu wasikilize, maana hesabu yake ni ya darasani kwenu.

Tairi za zamani, kama hizo nilizozitaja, namba ya kwanza ni upana wake kwa inchi, na ya pili ni rimu. Kimo cha ubavu wa tairi hukaribia upana huo. Basi kwa makisio, 6.00-16 ina kipenyo cha 16 na 6 na 6, yaani inchi 28, na 7.50-16 ina inchi 31. Tairi za siku hizi zimeandikwa kwa namna nyingine. Chukua 245/70R16: upana ni milimita 245, na ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 171.5. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406. Unapata kipenyo cha milimita 749. Mwenzetu anataka 265/75R16. Fanyeni hesabu ile ile, mtapata milimita 804 hivi. Tofauti ni 55. Lakini difu haitapanda kwa 55. Itapanda kwa nusu yake, milimita 27 hivi, kwa kuwa ekseli imekaa katikati ya duara. Hiyo ndiyo faida yote unayoinunua. Ijue kabla hujatoa fedha.

Sasa gharama. Tairi hiyo imezidi kwa asilimia 7. Maana yake, kama spidomita yako ilikuwa ikisema kweli, ikionyesha kilomita 80 wewe unakwenda karibu 86. Nguvu ya gari kupanda mlima imepungua kwa kiasi hicho hicho, kana kwamba mtu amekubadilishia gia. Breki nazo zinashika gurudumu refu zaidi, hivyo lazima ukanyage kwa nguvu zaidi ili usimame pale pale. Anayebeba mizigo milimani asilidharau jambo hili.

Kisha jambo lenyewe la nafasi. Funga tairi moja tu kwanza, mbele. Paka chaki kwenye kingo zake zote mbili. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, ukitazama ndani: springi, chasisi, tairodi, na zaidi ya yote mpira wa breki. Tazama na nje: pembe ya bampa na ukingo wa nyuma wa madigadi. Halafu pandisha gurudumu hilo juu ya kichuguu au gogo, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, ili springi ikunjike kabisa, na urudie kuzungusha usukani taratibu, msaidizi akitazama kwa mbali. Palipoachwa alama ya chaki, ndipo patakaposagika. Fanya hivyo mbele kushoto na mbele kulia. Kisha hamishia nyuma. Huko hakuna kukata kona, lakini mzigo hukandamiza bodi juu ya tairi.

Tairi ikigusa kidogo, dawa zipo. Ikigusa ndani usukani unapofika mwisho, magari mengi ya namna hii yana bolti za kuzuia usukani kwenye ekseli ya mbele, zirefushe kidogo. Utalipa kwa kuhitaji uwanja mpana zaidi wa kugeuzia gari. Ikigusa plastiki ya ndani ya madigadi, plastiki hukatwa. Usikate chuma kinachobeba bodi. Rimu zinazosukuma tairi nje huiepusha na springi, lakini huipeleka kwenye bampa na kuzitesa beringi. Dawa niipendayo mimi ni kuchagua tairi ndefu iliyo nyembamba. Tairi ya 235/85R16 ina kipenyo cha milimita 806, sawasawa na ile anayoitaka mwenzetu, lakini upana wake umepungua kwa milimita 30. Mara nyingi milimita 15 kila upande zinatosha kuuacha mpira wa breki salama. Ila hakikisha rimu zako zinaikubali, na kwamba tairi ina uwezo wa kubeba uzito wa gari lako.

Tena nunua tano, si nne. Spea ya kimo kingine ukiifunga mbele au nyuma, kisha ukatia nguvu kwenye magurudumu yote manne juu ya ardhi ngumu, magurudumu hayo yatashindana na yatavunja gia zako.

Na kama baada ya haya yote tairi bado inagusa bolti zikiwa zimekwisha kurefushwa, basi umefika mwisho. Rudi kwenye tairi ndogo zaidi, au ungoje mpaka upate fedha za springi. Usiseme "itajisugulia yenyewe nafasi." Yangu ilijisugulia.

Wadogo zetu, mwalimu wetu wa Hesabu, yule aliyechora duara ubaoni kwa mkono mtupu bila bikari, alitufundisha kipenyo na nusu kipenyo katika chumba kile cha mwisho. Nilikaa nyuma nikiuliza kimoyomoyo duara litanisaidia nini. Mnaouliza hivyo leo, nimewaletea jibu. Liligharimu mkono wa mtu.

Mzee yule alifariki mwaka 1999. Hakupata kunilaumu mbele ya mtu yeyote, na aliendelea kuniita fundi. Tangu siku ile ya wodini, gari halijatoka mikononi mwangu na tairi mpya kabla sijazungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia.

Ndugu yangu mwenye gari chini ya mwarobaini, baada ya chakula twende tukalipime pamoja. Vijana wawili wa Kidato cha Tatu waje na futikamba, na Mwalimu Mkuu akiturudhia, na kipande cha chaki.