Figa Moja Haliinjiki Chungu: Tuujue Udongo Mweusi wa Mwea

Haya ni mazungumzo ya afisa wa udongo katika idara ya kilimo ya kaunti, aliyoyatoa mbele ya wakulima wa mpunga na wakazi wengine wa Mwea kabla ya msimu wa kupanda wa Agosti.



Najua wengine mmeacha kazi shambani, na wengine mlidhani nimekuja kugawa mbolea. Sikuja na gunia. Nimekuja na bonge hili la udongo mnaloliona mkononi mwangu. Nimelitoa asubuhi katika shamba lililo karibu na barabara ya kwenda Wang'uru. Ni jeusi, ni gumu kama jiwe, na lina nyufa pande zote. Kila mmoja wenu analijua. Mvua ikinyesha linanata kwenye gumboot mpaka mguu unakuwa mzito. Jua likiwaka linapasuka hata mtoto anaweza kupoteza kiatu ndani ya ufa.

Tunauita udongo wa pamba. Wataalamu wa udongo duniani wanauita Vatisoli. Jina si kitu. Kitu ni tabia yake, na leo nataka tuelewane jinsi tabia hiyo inavyopimwa, kwa sababu asiyeijua anamwaga pesa ndani ya tope.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka ya kwanza ya kazi yangu, kikundi cha wakulima kiliniletea majibu ya maabara ya shamba lenye udongo kama huu. Nilisoma karatasi nikafurahi. Kalsiamu nyingi, magnesiamu nyingi, uwezo wa kushika virutubisho wa juu sana. Nikawaambia, "Shamba hili ni tajiri, pandeni nyanya msimu wa vuli." Wakapanda. Mvua ya Novemba ikaja, maji yakasimama kwenye mistari siku tatu. Siku ya nne majani yakaanza kuwa manjano, na baada ya wiki mbili hakukuwa na nyanya. Karatasi haikusema uongo. Mimi ndiye niliyesoma theluthi moja ya habari nikadhani nimesoma yote.

Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Udongo nao una mafiga matatu: maabara, maji, na hali ya anga. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Figa la kwanza: maabara

Sampuli yako ikifika maabara, kwanza inakaushwa, inapondwa na kupitishwa kwenye chekecheo la milimita 2. Kisha inachanganywa na maji yenye dawa ya kutenganisha chembe na kuachwa itulie kwenye chupa ndefu. Mchanga hushuka kwanza, tope laini hufuata, na mfinyanzi hubaki ukielea kwa saa nyingi kwa sababu chembe zake ni ndogo kuliko milimita 0.002. Hapo ndipo tunajua una mfinyanzi kiasi gani. Ili udongo uitwe Vatisoli, ni lazima mfinyanzi ufike angalau asilimia 30 katika tabaka zake, na uwe wa aina inayovimba na kusinyaa.

Aina hiyo ndiyo siri yenyewe. Udongo mwekundu ulioko huku juu, kwenye miteremko ya chai na kahawa, una mfinyanzi mwingi vilevile, lakini haupasuki hivi. Mfinyanzi wake hasa ni wa aina ya kaolinaiti, ambao hauachi maji yapenye katikati ya matabaka yake. Huu mweusi una smektaiti. Yenyewe ni kama kitabu ambacho maji yanaingia kati ya kurasa: ikilowa inanenepa, ikikauka inasinyaa. Kurasa hizo hizo ndizo zinazoshika virutubisho. Kilo moja ya smektaiti inashika virutubisho mara nyingi zaidi ya kilo ya kaolinaiti. Ndiyo maana karatasi yangu ya zamani ilionekana tajiri.

Unaweza kujaribu nyumbani. Lowesha udongo, ukande kama unga wa chapati, utengeneze kijiti cha sentimita 10 na ukianike kivulini mpaka kikauke kabisa. Kipime tena. Kikiwa kimepungua kwa milimita 6 au zaidi, una udongo unaovimba na kusinyaa. Hili ni dokezo tu, si kipimo cha maabara.

Maabara pia hupima asidi, kaboni ya mboji, fosforasi, potasiamu, zinki, chumvi na sodiamu. Hayo mawili ya mwisho msiyapuuze. Chumvi ikizidi desisimensi 4 kwa mita, udongo huo ni wa chumvi. Sodiamu ikichukua zaidi ya asilimia 15 ya nafasi za kushikia virutubisho, huo ni udongo wa magadi. Wa chumvi unaweza kusafishwa kwa maji mazuri na mitaro inayotoa maji. Wa magadi ukiumwagia maji peke yake unazidi kufunga. Unahitaji jasi kwanza, ndipo maji yafuate. Ni magonjwa mawili yenye dawa mbili. Ukinunua dawa kabla ya kupima, unabahatisha.

Figa la pili: maji

Sasa tuache maabara twende kwenye mfereji. Udongo huu ukiwa mkavu, maji ya kwanza yanaingia kwa kasi kupitia nyufa. Ukishalowa na kuvimba, nyufa zinafunga, na maji yanaweza kuingia kwa kasi iliyo chini ya milimita 1 kwa saa. Hiyo ndiyo iliyoua nyanya zangu. Hiyo hiyo ndiyo iliyofanya mabonde haya yafae mpunga tangu mradi wa umwagiliaji ulipoanzishwa miaka ya 1950. Udongo mmoja, tabia moja. Zao hili limekufa, zao lile limestawi.

Maji yanabadilisha hata majibu ya maabara. Mama mmoja ameniuliza hapo nje: "Mbona karatasi ilisema udongo wangu una asidi, na mpunga ukamea vizuri bila chokaa?" Ni swali zuri sana. Maabara ilipima udongo mkavu. Shamba likifurikwa kwa wiki chache, hewa inakwisha ndani ya udongo, na ule wenye asidi pamoja na ule wa alikali yote miwili husogea kuelekea katikati. Fosforasi iliyokuwa imefungwa na madini ya chuma huachiliwa. Lakini zinki hupungua kupatikana. Kwa hiyo mkulima anaweza kununua chokaa asiyohitaji na akakosa zinki anayohitaji, eti kwa sababu karatasi ilisomwa bila kuuliza: hapa patapandwa mpunga au mahindi?

Na mbolea ya kukuzia je? CAN ina nusu ya naitrojeni yake katika hali ya naitreti. Ndani ya tope lisilo na hewa, naitreti hugeuzwa na vijidudu kuwa gesi ikapotea angani. Salfeti ya amonia hubaki ikishikwa na zile kurasa za mfinyanzi. Kwa mahindi kwenye kilima, CAN ni mbolea nzuri. Kwa jaruba lililofurika, ni kununua gunia zima na kutumia nusu.

Kisha kuna ubora wa maji yenyewe. Maji ya Thiba na Nyamindi yanatoka Mlima Kenya, na maji ya mlimani kwa kawaida yana chumvi kidogo. Lakini aliye mwisho wa mfereji anatumia maji yaliyokwisha kupita kwenye mashamba ya wengine, na mwingine anachota kisimani. Shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema maji yaliyo chini ya desisimensi 0.7 kwa mita hayana tatizo la chumvi kwa umwagiliaji, na yaliyo zaidi ya 3 yana tatizo kubwa. Tufanye hesabu. Maji ya 0.7 yana takriban gramu 450 za chumvi katika kila mita ya ujazo. Ukimwagilia ekari moja milimita 1,000 kwa msimu, umeleta kama tani 1.8 za chumvi shambani mwako. Maji ya 0.1 yangeleta kama kilo 260 tu. Mtaro wa kutoa maji ukiziba, chumvi hiyo haina pa kwenda. Kwa hiyo kusafisha mtaro si kazi ya kumfurahisha jirani. Ni afya ya udongo wako.

Figa la tatu: hali ya anga

Udongo wa aina hii hupatikana zaidi pale ambapo majira ya mvua na ya ukavu yanapokezana. Kulowa na kukauka, kuvimba na kusinyaa, miaka kwa maelfu, mpaka matabaka ya chini yanasuguana na kung'aa kama yamepakwa mafuta. Ukichimba shimo la mita moja utaiona ming'ao hiyo kwa macho.

Hapa kwetu mvua ni karibu milimita 950 kwa mwaka, nyingi ikija Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Milimita 1 juu ya ekari ni lita 4,000 na kidogo. Kwa mwaka ni karibu lita milioni 3.8 kwa kila ekari. Ni nyingi, lakini haziji siku tunazozitaka, na jua linanyonya maji mwaka mzima. Ndiyo maana bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022, lilijengwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 15.6. Bwawa linaziba pengo la ukavu. Haliwezi kuziba nyufa.

Hapa nawaomba msikilize sana, kwa sababu wengi sasa mnalowesha na kukausha jaruba kwa zamu ili kuokoa maji. Ni njia nzuri. Lakini kwenye udongo huu, ukiacha ukauke mpaka nyufa zikapita chini ya tope, maji utakayorudisha yatazama kwenye nyufa, na utatumia mengi kuliko uliyookoa. Chukua kipande cha paipu cha sentimita 30, kitoboe matundu sehemu ya chini, ukizike wima shambani na kuacha mdomo juu. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, rudisha maji. Ukiona nyufa zinaanza kabla ya hapo, usingoje paipu. Na mpunga ukichanua, usiukaushe kabisa.

Tufanye nini basi?

Kwanza, chukueni sampuli sasa, kabla ya trekta kuingia. Tembea shambani kwa mwendo wa kupindapinda, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Epuka kando ya mfereji, mahali palipochomwa nyasi za mpunga, na palipokuwa na samadi. Changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo, anika kivulini. Usitumie gunia la mbolea, maana utapima gunia.

Pili, leteni na maji. Chupa safi, isuuzwe mara tatu kwa maji hayo hayo, ijazwe mpaka juu.

Tatu, andikeni kwenye karatasi: shamba liko mwanzo au mwisho wa mfereji, maji hukaa siku ngapi baada ya mvua, unapanda nini, na mbolea gani uliweka msimu uliopita. Kila kikundi kiweke kipima mvua kimoja na mtu mmoja wa kukisoma saa tatu kila asubuhi. Vitu hivyo vitatu vikikutana mezani kwa afisa wa kilimo wa wadi yako, ndipo ushauri utakuwa ushauri.

Neno moja kwa mnaojenga. Udongo unaovimba chini ya msingi hauchagui kati ya tajiri na maskini. Kuta zenye nyufa mnazoziona mjini hazikurogwa. Kabla ya kuchimba msingi, mwulize fundi ameona mfinyanzi gani chini, na maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta.

Wale wakulima wa nyanya walinisamehe. Mwaka uliofuata tulirudi shamba lile lile, tukatazama maji yanakosimama, tukalinganisha na mvua, wakapanda mpunga kwenye bonde na mboga kwenye matuta yaliyoinuliwa ukingoni. Karatasi ya maabara ilikuwa ile ile. Safari hii tuliisoma yote.

Sasa leteni maswali, na aliyekuja na udongo mfukoni asogee mbele.