Unaunda Baiskeli? Soma Namba Kwanza

(Mazungumzo ya Bwana Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo)



Leo nataka tuzungumze habari ya baiskeli. Siyo ile inayonunuliwa dukani ikiwa nzima, bali ile ambayo mtu anaiunda mwenyewe kidogo kidogo. Mwezi huu fremu, mwezi ujao magurudumu, baada ya mavuno tairi. Wengi wetu ndivyo tunavyopata baiskeli.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwenzetu mmoja aliuza magunia mawili ya karanga. Alikuwa na fremu nzuri, na magurudumu yaliyotoka kwenye baiskeli ya mtumba ya Japani. Zilibaki tairi tu. Tulikutana mnadani, akaniuliza, "Mwalimu, hizi zitaingia?" Tairi zake kuukuu ziliandikwa 26 x 1 3/8. Zile mpya ziliandikwa 26 x 1.95. Nikamjibu upesi, "26 ni 26. Nunua." Akanunua.

Jioni tulihangaika mpaka giza likaingia. Tairi ilikuwa ndogo kuliko rimu. Tukaivuta kwa spana mbili, ukingo ukachanika. Muuzaji alikataa kuipokea, na haki ilikuwa yake. Nilimlipa mwenzetu nusu ya hasara, lakini pesa iliyobaki haikutosha. Mke wake, aliyeitegemea baiskeli hiyo kupeleka mahindi mashineni, akaendelea kubeba kichwani mpaka mavuno mengine. Yule ndugu hakunitukana. Alisema tu, "Mwalimu, kumbe na wewe kuna namba hujazisoma."

Maneno hayo yaliniuma. Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikakaa chini kama mwanafunzi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, tairi. Inchi 26 ya sehemu na inchi 26 ya nukta si kitu kimoja. Tairi ya 26 x 1 3/8 hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 590. Tairi ya 26 x 1.95 hukaa kwenye rimu ya milimita 559. Toeni wenyewe: 590 toa 559. Mnapata 31, yaani zaidi ya sentimita 3. Hata 1 3/4 na 1.75, ambazo ubaoni ni hesabu moja, kwenye tairi ni vitu viwili. Basi tafuta namba ndogo zenye kistari katikati, kwa mfano 37-590. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Ile ya pili lazima ilingane kabisa. Baiskeli zetu kubwa za 28 x 1 1/2 zina 635, lakini zipo tairi nyembamba za 28 zenye 622. Hazibadilishani.

Pili, rimu na habu. Hesabu matundu ya spoki. Magurudumu mengi ya baiskeli kubwa za zamani yana matundu 32 mbele na 40 nyuma. Mengine yana 36. Rimu ya matundu 36 haiendi na habu ya matundu 40.

Tatu, breki. Breki za vyuma virefu hubana rimu kwa upande wa ndani, unaotazama habu. Breki za waya za baiskeli nyingi za gia hubana rimu ubavuni. Ukichanganya, breki haitashika vizuri. Hapo ndugu zangu si suala la pesa tena. Ni suala la mtoto uliyempakia nyuma, nawe unateremka mlima.

Nne, mnyororo. Wa baiskeli isiyo na gia ni mpana. Wa baiskeli ya gia nyingi ni mwembamba. Ule mwembamba haukai kwenye meno manene.

Tano, pedali. Ya kulia ina herufi R, ya kushoto ina L. Ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume. Ukiilazimisha upande usio wake unaua hesi za mkono wa pedali, na hasara inakuwa mbili.

Sasa tufanyeje? Ukienda kununua kifaa, chukua kile cha zamani mkononi. Kama hakibebeki, andika namba zake kwenye daftari. Dukani, weka kipya juu ya cha zamani, ulinganishe kabla hujatoa pesa. Patana na muuzaji mapema kwamba kisipoingia utakirudisha kikiwa kizima. Na kifaa kikikataa kuingia kwa mkono, usichukue nyundo. Simama, soma namba tena.

Yule mwenzetu baiskeli yake inatembea sasa. Namba za vifaa vyake vyote ameziandika kwa mkaa ukutani, karibu na mlango. Majirani huja kuzisoma kabla ya kwenda mnadani, na mimi pia nimezinakili.

Ndugu zangu, tulijifunza kusoma si kwa ajili ya vitabu peke yake. Jioni ya leo kila mmoja aende akasome tairi ya baiskeli yake. Tukikutana tena, mje na namba zenu daftarini.