Wekundu wa Udongo Wetu na Miale ya Infraredi
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliniomba nizungumzie jambo la fizikia lisiloishia ubaoni. Nimechagua udongo mwekundu wa Kasulu na Kibondo, kwa mipaka tuliyoijua sisi kabla ya Buhigwe na Kakonko kuwa wilaya mwaka 2012.

Kila mmoja hapa ameona tanuru la matofali. Tofali huingia likiwa la rangi ya manjano au kahawia, likatoka jekundu. Rangi ile ya kwanza hutokana na gothaiti, yaani chuma kilichoungana na oksijeni na kushika maji ndani yake. Joto likifikia digrii 300 hivi, maji hutoka ikabaki hematiti, nayo ni nyekundu. Udongo mwekundu wa nchi za joto huwa na madini haya mawili, kwa viwango visivyolingana.

Kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo. Katika chuma cha msumari, atomu jirani huelekea upande mmoja, ndiyo maana msumari hunaswa na sumaku. Katika gothaiti kila atomu huelekea kinyume cha jirani yake, nguvu zikafutana, kama timu mbili za kuvuta kamba zilizotoshana: kamba imekazika lakini haiendi popote. Mpangilio huu huitwa antiferomagneti. Mfaransa Louis Néel ndiye aliyeueleza, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Hematiti nayo ni ya ukoo huo, ila katika joto la kawaida sumaku zake zimepinda kidogo, hivyo hubaki na nguvu hafifu.

Sasa tuje kwenye uchafu. Uchafu ninaousema hautoki kwa sabuni. Katika udongo uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, alumini hukaa mahali pa chuma ndani ya fuwele yenyewe. Katika gothaiti inaweza kushika hadi theluthi moja ya nafasi. Alumini si sumaku, kwa hiyo chuma kilicho jirani yake hukosa wa kuvutana naye. Gothaiti safi huushika mpangilio wake hadi digrii 120 hivi. Yenye alumini huupoteza mapema zaidi.

Mtauliza: mkulima wa Makere au Mabamba yanamhusu nini haya?

Yanamhusu kwa sababu siku hizi udongo hupimwa kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho. Ukiumulika udongo, sehemu ya miale humezwa na sehemu hurudi, na chombo husoma kilichorudi. Alumini huvuruga umezaji huo kwa njia mbili. Kwanza ni nyepesi, uzito wa atomu yake ni 27 na wa chuma ni 56. Vifungo vya fuwele hutetemeka kwa kasi zaidi, na mahali miale inapomezwa pakahama. Njia ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 1985 Sherman na Waite walieleza kwamba chuma katika madini haya humeza nuru kuliko kanuni za atomu moja zinavyoruhusu, kwa kuwa atomu jirani zimefungamana kisumaku. Alumini ikiingia kati, mfungamano hulegea na umezaji nao hubadilika.

Mwaka 2002 Shepherd na Walsh, wa kituo cha kilimo mseto ICRAF kule Nairobi, walichapisha maktaba ya usomaji wa zaidi ya sampuli 1,000 za udongo wa Afrika Mashariki na Kusini. Ni kazi ya kusifiwa: upimaji wa siku nyingi hufanyika kwa dakika chache. Lakini chombo hakiioni fosforasi yenyewe. Hukisia, kwa kulinganisha na udongo uliokwisha kupimwa maabara. Na fosforasi ya mbolea ndiyo hasa inayokamatwa na oksidi za chuma na alumini, mmea usiipate. Chombo kilichofundishwa kwa udongo wa tabia nyingine kikisoma gothaiti yetu vibaya, bwana shamba atatoa ushauri kwa nia njema, na mkulima atauza mahindi anunue mfuko usiomfaa.

Kwa hiyo vyombo hivi vikiletwa wilayani, ninyi mlio madiwani, maafisa ugani na walimu ulizeni kwanza: katika sampuli zilizokifundisha, zimo za Heru, Manyovu, Kifura? Kama hazimo, zichukuliwe, za kilimani na za bondeni, zipimwe kwa kemia ya kawaida maabara, ndipo chombo kisomeshwe upya. Sampuli zenyewe hata wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuzikusanya, mradi kila mfuko uandikwe mahali na kina ulipochukuliwa udongo.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Wenye maswali nipo hadi jioni.