Beki Aliyezaliwa Ukimbizini na Kiwanja cha Usharika

Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka sharika rafiki





Mada tuliyopewa ni vijana katika maeneo ya machimbo. Wengi wenu mlitegemea tuanze na zebaki, maduara na utoro shuleni. Hayo tutayagusa. Lakini tumeona tuanze na mpira wa miguu, kwa sababu mezani petu kuna mambo mawili yanayogongana. Sharika kadhaa za machimboni zina viwanja vya wazi ambavyo zilipewa zamani na serikali za vijiji, na jioni watoto huchezea chandimu humo. Sasa wenye karasha na wenye fremu za maduka wanataka kuvikodi. Fedha wanayotoa si ya kubeza, na usharika una paa la kumalizia. Upande wa pili, ndugu zetu wafadhili wametuuliza kwa upole: mpira una uhusiano gani na diakonia? Maji tunaelewa, zahanati tunaelewa, mpira je?

Maswali yote mawili ni ya haki. Ili kuyajibu tunaomba tuwasimulie habari za beki mmoja.

Thomas Deng alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya Sudan, kusini kule ambako leo ni nchi ya Sudan Kusini. Mwaka 2003, akiwa mtoto wa miaka 6, familia ilipata makazi Australia katika mji wa Adelaide. Mwaka 2015 alisajiliwa na Melbourne Victory, mojawapo ya klabu kubwa za nchi ile. Akapelekwa kwa mkopo Uholanzi katika timu ya vijana ya PSV, akarudi, kisha akaenda Japani kuchezea Urawa Red Diamonds na baadaye Albirex Niigata. Oktoba 2018 alivaa kwa mara ya kwanza jezi ya timu ya taifa ya wakubwa ya Australia dhidi ya Kuwait, nao wakashinda 4-0. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, alikuwa nahodha wa kikosi cha Australia kilichoifunga Argentina 2-0. Mwaka 2022 alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Qatar kwa Kombe la Dunia.

Usiku ule wa Kuwait kulikuwa na kijana mwingine aliyecheza mechi yake ya kwanza ya taifa, naye akafunga bao. Huyo ni Awer Mabil, rafiki wa Deng tangu utotoni Adelaide. Mabil alizaliwa mwaka 1995 katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, akaishi hapo hadi 2006. Kambi hiyo wengine mnaijua kwa sababu Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni limefanya kazi humo tangu ilipoanza mwaka 1992, likiendesha shule za msingi na kulinda watoto. Baadaye Mabil na ndugu yake walianzisha taasisi ya Barefoot to Boots, ikapeleka viatu na vifaa vya mpira kwa watoto wa Kakuma. Juni 2022, Australia na Peru walipofika kwenye penalti kugombea nafasi ya kwenda Qatar, penalti ya sita ya Australia aliipiga yeye. Iliingia. Ya Peru iliyofuata ikadakwa, na Australia ikafuzu. Hayo ni ya mshambuliaji, tumrudie beki.

Tumemchagua beki kwa makusudi. Mshambuliaji anaweza kuonekana kwa siku moja. Mtu anapita njiani, anamwona kijana amefunga mabao matatu, anaandika jina lake. Beki haonekani hivyo. Kazi yake nzuri ni jambo ambalo halikutokea: pasi iliyokatwa kabla haijafika, adui aliyepelekwa pembeni mpaka akakosa hamu. Anajifunza kusimama mahali pake, kuzungumza na mlinda mlango, kujua kwamba mwenzake wa kulia ana kawaida ya kupanda mbele na kusahau kurudi. Haya hayafundishwi kwa wiki mbili. Yanataka wenzake wale wale na mwalimu yule yule kwa miaka. Kati ya Deng kushuka uwanja wa ndege wa Adelaide na kusaini Melbourne Victory ilipita miaka kumi na miwili. Katika muda huo alikuwa na mambo ambayo familia yake haikuwa na uhakika nayo ukimbizini: nyumba isiyohamishwa kila mara, shule, karatasi zenye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa, na klabu ya jirani iliyomwandikisha.

Mfano wa pili ni mashuhuri zaidi, na vijana wetu wanaufahamu kuliko sisi. Alphonso Davies, beki wa kushoto wa Bayern Munich, alizaliwa mwaka 2000 katika kambi ya Buduburam nchini Ghana. Wazazi wake walikuwa wamekimbia vita vya Liberia. Akiwa na miaka 5 walihamia Kanada, na hatimaye wakakaa Edmonton. Wazazi wa kipato kidogo mjini humo hawakuweza kulipa ada za klabu, wala kuwapeleka watoto viwanjani. Palikuwa na mpango wa kujitolea ulioitwa Free Footie. Uliwachezesha watoto wa shule za mitaa ya wanyonge baada ya masomo, bila ada, ukawapa usafiri na vifaa. Davies alipitia hapo. Akiwa na miaka 15 alicheza ligi ya wakubwa na Vancouver Whitecaps. Juni 2017 alipata uraia wa Kanada, na katika mwezi huo huo akaichezea timu ya taifa. Agosti 2020 alitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Bayern. Kabla ya hapo, walipoifunga Barcelona 8-2, aliwapita mabeki wa kulia wa watu kana kwamba wamepandwa ardhini. Mwaka 2021 UNHCR ilimteua kuwa balozi mwema. Na 27 Novemba 2022 aliifungia Kanada, dhidi ya Croatia, bao lake la kwanza kabisa la wanaume katika Kombe la Dunia.

Ndugu zetu wafadhili mtaona kwamba Free Footie haikuwa chuo cha vipaji. Ilikuwa basi, viatu, na mtu mzima anayeaminika baada ya saa za shule. Gharama ya aina hiyo hata usharika mdogo unaielewa.

Sasa tuje nyumbani. Nchini kwetu kuna Nyarugusu mbili. Moja iko wilayani Kasulu, mkoani Kigoma: ni kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Nyingine iko Geita, nayo ni machimbo ya dhahabu ambayo wengi wenu mmeyapita. Wageni wetu huchanganya majina haya, na sisi huwa tunacheka. Lakini ukiwatazama watoto, kicheko kinapungua. Mtoto wa Nyarugusu ya Geita hakukimbia vita. Alihamishwa na rashi. Baba amesikia dhahabu imetoka Mwakitolyo, familia inafunga virago. Mwaka unaofuata ni Lwamgasa, kisha Kakola. Kila wakihama mtoto anaacha shule bila barua ya uhamisho. Wengi walizaliwa kambini kwa wachimbaji, mbali na zahanati, na cheti cha kuzaliwa hawana. Ukimuuliza umri anakadiria. Si mkimbizi kisheria, ila maisha yake yanafanana sana na ya mkimbizi, tofauti ni kwamba hakuna shirika lililomwandika kwenye daftari.

Na wapo pia watoto na wajukuu wa wakimbizi halisi katika ukanda huu. Kanisa letu si geni katika kazi hiyo. TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri, ilisimamia ujenzi wa makazi ya Warundi waliofika 1972: Ulyankulu, Katumba, Mishamo. Mwaka 2014 wakazi wa makazi hayo wapatao 162,000 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania, baada ya miaka zaidi ya arobaini. Hata Nestory Irankunda, winga aliyejiunga na Bayern mwaka 2024 akitokea Adelaide, alizaliwa Kigoma mwaka 2006 na wazazi Warundi, akaondoka nchini akiwa mchanga. Amechezea Australia. Tunamwombea heri, ingawa tungependa angechezea Taifa Stars.

Kuna watakaosema: mbona tunazo timu? Ni kweli. Mwadui ilicheza Ligi Kuu. Stand United iliwahi kuujaza Uwanja wa Kambarage. Geita Gold ilipanda, ikashika nafasi ya nne msimu wa 2021/22, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, kisha ikashuka mwaka 2024. Tulizishangilia na tutazishangilia tena. Lakini timu ya wakubwa hununua mchezaji aliyekwisha kulelewa, na hatuwezi kuidai imlee mtoto wa miaka 9 wa Lwamgasa. Huyo ni wetu.

Tunasema "wetu" tukijua saa zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na uchimbaji umo. Hata hivyo nyote mmeona watoto wakiponda mawe, wakibeba viroba, wakishika zebaki kwa vidole wakati wa kukamatisha dhahabu. Wengi huenda huko baada ya shule, kati ya saa tisa na magharibi. Ni saa zile zile ambazo kiwanja cha usharika huwa na watoto. Kiwanja kikishakuwa na karasha, wale waliokuwa wakicheza pale watakuwa pale pale, wakiokoteza mawe. Hili wajumbe mnaweza kulithibitisha wenyewe mahali ambapo limeshafanyika. Hatuhitaji kutaja usharika.

Kwa hiyo msimamo wa Idara ni huu, na tunausema wazi ili mtubishie hapa badala ya njiani: viwanja hivyo visikodishwe. Paa tutalitafutia njia nyingine, hata kama litachelewa msimu mmoja. Tunajua mchungaji anayehubiri chini ya turubai hatafurahi.

Tunachoomba badala yake ni kidogo. Usharika uwe na daftari. Kila mtoto anayekuja kucheza aandikwe jina, mzazi au mlezi, kijiji alichotoka na shule anayosoma. Asiye na shule atafutiwe nafasi kwa mwalimu mkuu wa jirani, na mjumbe mmoja wa kamati aende naye. Asiye na cheti cha kuzaliwa, mzazi wake aongozwe. Kwa walio chini ya miaka 5 RITA ina mpango wa kusajili na kutoa cheti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Kwa wakubwa utaratibu ni mrefu zaidi na una ada, na hapo ndipo tunaomba mkono wa wafadhili. Mtoto asiye shuleni hachezi UMITASHUMTA wala UMISSETA. Kijana asiye na karatasi hata akicheza kama Deng ataishia kwenye ndondo za mtaani. Wasichana waandikwe pia, na wapewe siku zao za kiwanja bila kusukumwa pembeni, maana tukiacha lijiendeshe wavulana watachukua zote.

Neno moja kuhusu matapeli. Wanakuja watu wanaojiita mawakala, wanaahidi kupeleka kijana Ulaya au Uarabuni na wanataka mzazi auze ng'ombe. Kanuni za FIFA zinakataza kuhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mzazi akiwaletea habari ya namna hiyo, mwambieni asitoe hata shilingi kabla hajaonana na chama cha mpira cha wilaya. Usukumani ng'ombe ni akiba ya ukoo mzima. Hasara hiyo hubomoa nyumba.

Hatuwaahidi Deng. Katika watoto mia wa daftari lenu pengine hatatoka hata mmoja wa kulipwa kwa kucheza. Tutakachowaonyesha wafadhili katika taarifa si mabao. Ni watoto wangapi waliokuwa daftarini Januari na bado wapo Desemba, wangapi wamepata vyeti, wangapi wamehama na tumewapa barua ya kupokelewa katika usharika wanakokwenda. Hilo la mwisho ni wazo la wainjilisti wa machimboni wenyewe. Waumini huhama na barua za ushirika tangu zamani. Kwa nini mtoto asihame na yake, yenye darasa lake, umri wake na hata namba anayocheza?

Madaftari yapo kwenye gari, kila usharika uchukue moja kabla ya chakula. Sharika ambazo zimekwisha kupokea fedha ya pango kutoka kwa wenye karasha tunaomba tuonane nazo pembeni mchana huu, pamoja na mwanasheria wa Dayosisi, tuone mkataba unasemaje.