Mzee ni Shahidi: Stadi za Kutafiti na Kuandika Historia ya Familia



Amadou Hampâté Bâ wa Mali alituachia wazo linalorudiwa karibu kila msiba wa mtu mzima, kwamba mzee anapokufa Afrika ni maktaba imeungua. Naliheshimu sana wazo hilo, maana alilitoa kuutetea ujuzi usioandikwa mbele ya ulimwengu ulioamini karatasi peke yake. Hata hivyo, limetuzoesha vibaya. Vijana wengi wanaotaka kuandika historia ya familia zao huenda kwa bibi likizo moja, huwasha simu irekodi, hunakili walichoambiwa, na kazi wakaihesabu imekwisha. Maktaba haijali nani anaifungua. Bibi anajali. Mkwe akiwapo sebuleni atasema hili, akibaki jikoni na binti yake atasema lile, na yote mawili huenda ni kweli.

Hoja yangu ni kwamba mzee ni shahidi. Shahidi huheshimiwa, na sehemu ya heshima yake ni kuulizwa vizuri, kusikilizwa mpaka mwisho, na maneno yake kupimwa pamoja na maneno ya mashahidi wengine. Kuchukua kila alilosema bila kumuuliza alilijuaje ni kumdharau kwa njia ya adabu.

Stadi hizi zinafundishika, na zimewahi kufundishwa hapa nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walirudi mikoani kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji, katika mradi uliohusishwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe. Wengi walikwenda kuwahoji watu wa kwao wenyewe. Masimulizi hayakufanana: Umatumbi kulikuwa na mambo yake, Ungoni na yake. Tofauti hizo ndizo zilizotuonyesha kwamba vita vile havikupiganwa kwa sababu moja kila mahali.

Nitatumia familia ya kubuni kama mfano, nisije nikaingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Kijana anaishi Muheza. Babu yake alitoka Songea kuja Tanga kukata mkonge. Alichonacho kijana ni jina la babu, picha moja iliyofifia, shangazi mkubwa ambaye bado ana nguvu, na sentensi moja inayorudiwa kwenye kila arobaini: sisi ni Wangoni, tulitoka Afrika Kusini.

Aanzie wapi? Asianzie Afrika Kusini. Aanze na yeye mwenyewe, apande kizazi kimoja kimoja, na asipande kinachofuata kabla hajauliza swali ambalo wengi hulisahau kwa kuwa jibu lake linaonekana wazi: huyo babu ni babu kwa vipi? Kwetu ndugu wa babu ni babu, binamu yake ni babu, na jirani aliyekula naye chumvi miaka thelathini ni babu pia. Baba mdogo anaitwa baba. Mjukuu hupewa jina la babu yake, kwa hiyo jina moja laweza kuwa la watu watatu waliopishana kwa miaka mingi, na simulizi za wote zikaangukia kwa mmoja. Ndiyo maana unakuta ukoo unaodai kuwa na vizazi vinne tangu kuingia nchini, na ukihesabu miaka unaona haviwezi kutosha. Basi uliza: ni nani aliyemzaa nani, kwa mama yupi, tumbo moja au baba mmoja tu? Nani alikuwa kifungua mimba? Nani alifuata? Mama mzazi huwataja watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, pamoja na wale waliofariki wakiwa wachanga, na mapengo ya mpangilio huo ni habari tosha kwa mtafiti.

Majina nayo yana mtego wake. Programu nyingi za kompyuta za kuchora mti wa ukoo zimetengenezwa kwa watu wenye jina moja la familia linalorithiwa. Kwetu jina la tatu la mtu mara nyingi ni la babu yake, na kizazi kijacho litakuwa limetoweka. Babu wa kijana wetu alikuwa na jina alilozaliwa nalo, jina la ubatizo, pengine jina alilochukua aliposilimu Tanga, na jina aliloandikishiwa kwenye shamba la mkonge, ambalo karani aliliandika kama alivyolisikia. Huyo ni mtu mmoja katika daftari nne, na asiyejua hivyo atawazika watu wanne.

Sasa miaka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa wakisema wazee wetu hawajui tarehe. Wazee wanazijua, ila wanazihesabu kwa matukio. Mtu wa Unguja wa zamani angekupa tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu. Mtu wa Lindi atakwambia habari za kimbunga cha Aprili 1952. Ugogo kuna njaa ya Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Kwa Songea iko siku isiyosahaulika, 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana Maji Maji, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Tuseme shangazi anasimulia kwamba mama wa babu alikuwa akisema, siku ile ya kunyongwa alikuwa mtoto anayejifunza kutembea. Basi alizaliwa kati ya 1904 na 1905, na tunaweza kuliandika hilo, mradi tuandike pia njia liliyopita: yeye alimwambia mwanawe, mwanawe akamwambia bintiye, bintiye ametwambia sisi.

Lakini tukio lenyewe lihojiwe. Nzige walikuja zaidi ya mara moja. Njaa zilikuwa nyingi. "Vita vya Mjerumani" kinywani mwa shangazi vinaweza kuwa Maji Maji, vinaweza kuwa vita vya 1914 hadi 1918, na nimewahi kusikia watu wakivitaja hivyo hata vile vya Hitla. Usimwulize mzee, "Ni vita vya mwaka gani?" Muulize huyo anayesimuliwa alibeba nini, bunduki au mizigo ya wazungu. Muulize kama mashamba yalichomwa, maana kuchoma vyakula na njaa iliyofuata ni alama ya mwisho wa Maji Maji. Muulize mkubwa wa eneo alikuwa akida au chifu. Maswali ya namna hiyo yana majibu, na kila jibu linaupunguza upana wa miaka. Swali lenye jibu ndani yake, kama "Babu alikuja mwaka 1947, si ndiyo?", halifai kabisa. Mzee mwenye adabu atakubali tu.

Turudi kwenye ile sentensi ya arobaini. Msafara wa Zwangendaba, uliotoka huko Afrika Kusini ukaja kuwa chanzo cha Wangoni, ulivuka mto Zambezi mwaka 1835, na katika safari ndefu ya kaskazini uliwameza watu wa makabila mengi: mateka, wake, watoto waliolelewa, na watu walioamua wenyewe kujiunga na wenye nguvu. Wajerumani walipofika Ungoni, wengi wa walioitwa Wangoni walikuwa wa asili ya hapo karibu, wakiwemo Wandendeuli. Kijana asiitupe sentensi ya familia yake, wala asiimeze. Aulize jina la ukoo, miiko ya ukoo, walizikana na akina nani, kijiji kilikuwa chini ya nduna gani. Huenda akagundua kwamba ukoo wake ulikuwa Wandendeuli waliofanywa Wangoni kwa vita na ndoa, kisha wakaishi Ungoni huo kwa dhati vizazi vitano. Binafsi naona habari hiyo ni kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ina watu waliochagua na waliolazimishwa, wakati ya kwanza ina safari tu.

Kisha maandishi. Wamisionari wa Kibenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898, na vitabu vya ubatizo vya misheni za aina hiyo ni hazina, ukijua vinasema nini. Tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa. Umri wa mtu mzima aliyebatizwa ulikisiwa na padri kwa kumtazama. Tahajia ni ya Kijerumani: waliokuwa wakiandika Kilimandscharo hawakuandika jina la babu yako kwa herufi utakazozitafuta wewe. Anayetafuta kwenye J peke yake, bila kupitia kurasa za D, ataondoka akisema babu hayumo.

Upande wa Tanga, kijana ajue kwamba Wangoni na Wandendeuli waliotoka kwenda kutafuta kazi walikuwa wengi kiasi kwamba Philip Gulliver aliandika utafiti mzima juu yao, ukachapishwa 1955. Tangu 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, lililowasafirisha manamba kutoka mikoa ya mbali. Kipande cha kazi kikipatikana kwenye sanduku la marehemu, kisitupwe. Kipigwe picha pande zote mbili. Kwa mengine kuna Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, na kwa wa Visiwani kuna Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Pale Upanga mtakuta pia vile vitabu vya wilaya walivyoviandika maofisa wa Kiingereza, vyenye nasaba za machifu. Msomaji wa mara ya kwanza hufurahi mno. Afurahi polepole. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, alitaka nchi itawaliwe kupitia viongozi wa jadi, na maofisa wakaenda kuuliza nani ana haki ya uchifu kwa kuzaliwa. Aliyekuwa na nasaba ndefu alikuwa na cheo na mshahara wa kupigania. Karatasi nayo ni shahidi, na shahidi huyo alikuwa na kesi mahakamani siku aliyotoa ushahidi.

Nasaba hizo zina upungufu mwingine: wanawake hawamo. Ukifuata wanaume tu unapata mstari mwembamba wa majina usio na maisha ndani yake. Kwa Waluguru na Wamakonde, ambao ukoo wao hufuata mama, mstari huo hata si ukoo. Nendeni kwa mashangazi, kwa makungwi, kwa wakunga. Nendeni kwa watani, ambao msibani husema hadharani yale ambayo wenye msiba hawathubutu kuyasema.

Na yale yasiyosemwa je? Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, na zipo familia ambazo kimya chao kinaanzia hapo. Wapo waliopoteza watu kwa UKIMWI Kagera miaka ya themanini wakaandika ugonjwa mwingine. Wapo watoto waliolelewa wasijue aliyewazaa. Mficha uchi hazai, lakini methali hiyo humtaka mwenye uchi aseme. Haimruhusu mjukuu kumvua bibi yake. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: jambo linaloweza kumgusa mtu aliye hai halichapishwi bila idhini yake, na rekodi huzimwa mzee anapoomba izimwe, bila kumbembeleza. Lakini hairuhusiwi kutunga uongo wa kuliziba pengo. Andika kwamba familia haisemi zaidi ya hapo, uendelee. Mchunguzi atakayekuja baada yako atashukuru kujua pengo liko wapi.

Kuandika kwenyewe kunahitaji adabu moja: msomaji aone kila sentensi imesimama juu ya nini. "Shangazi anasema babu alikuja na treni. Cheti cha ubatizo cha mwanawe wa kwanza kinaonyesha alikuwa Muheza kufikia mwaka fulani. Nadhani alikuja kabla ya hapo, kwa sababu mke wake ni mwenyeji wa hapa." Hizo ni sentensi tatu zenye nguvu tatu tofauti, na kila moja inajitambulisha. Baba mdogo akisema alikuja kwa lori, liandike la lori kando ya la treni. Usiwapatanishe. Usimfanye babu "atazame machweo kwa huzuni" kama hakuna aliyekwambia alitazama nini. Mazungumzo yarekodiwe katika lugha ambayo mzee anaiwazia, Kingoni kama ni Kingoni, na tafsiri ije baadaye. Kila rekodi iandikwe siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, nani alikuwapo chumbani. Aliyekuwapo chumbani ni muhimu kama aliyesema.

Rasimu ikikamilika, isomwe kwa sauti mbele ya wahusika kabla haijapigwa chapa, kwa maana wapo wasiosoma na wapo wanaosoma lakini watakaokumbuka tu wanaposikia. Watabisha. Ubishi huo uandikwe, na majina ya wabishi kama wanaridhia, chini ya ukurasa unaohusika. Kuanzia muhula ujao, kazi ya historia ya familia katika idara yetu haitapokelewa bila kurasa hizo za ubishi. Nakala moja itabaki chuoni kama familia imeafiki, na moja itapelekwa kwa shangazi, kwa maana ndiye anayeulizwa kwanza, posa inapoletwa, kama wale vijana wawili si ndugu.