Vidonge vya Maumivu na Jeraha la Kale la Kichwa: Maelezo kwa Askari Wastaafu, Mwanza

Baadhi yenu mlirudi kutoka Vita vya Kagera mwaka 1979 na jeraha la kichwa ambalo bado linauma. Leo nazungumzia vidonge mnavyonunua dukani.

Dawa ya maumivu, hata parasetamoli, ikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huweza kuzalisha maumivu ya kichwa. Mgonjwa huongeza vidonge, kichwa nacho huzidi kuuma.

Inayonitia hofu zaidi ni tramadoli. Aliyeumia ubongo inaweza kumwangusha kifafa, na akiizoea, kuiacha ghafla nako ni hatari. Hutolewa kwa cheti cha daktari. Muuzaji anayekupa bila cheti hakufadhili.

Daktari akikuandikia amitriptilini kidogo ya usiku, usidhani amekuona una sonona. Dawa hiyo hutuliza pia maumivu sugu.

Ukienda Bugando au kituo cha karibu, beba pakiti zote, pamoja na chupa za dawa za asili, na ulitaje jeraha lako hata asipokuuliza.